Siku Kumi na Tisa Ukuta Haukusomwa

Vijana wangu mnaopita mitaa ya Gerezani kununua timazi, pimamaji na kamba za ujenzi dukani kwangu, wengi wenu mnanifahamu kwa ukali. Mnasema Mzee Hamisi hakuuzii timazi mpaka umwoneshe unavyoishika. Ni kweli, na sitaacha. Msilolijua ni kwamba miaka thelathini ya maisha yangu niliitumia kusoma ukuta mmoja, kila siku, kama wengine wanavyosoma gazeti. Na mwezi uliopita nilisimama mbele ya watu tisa, katika ukumbi wa ofisi moja upande wa Kivukoni, nikawaambia kwamba ndani ya miaka hiyo kuna siku kumi na tisa nilizoandika uongo. Hawakuniamini. Ikabidi nithibitishe kwamba nilikuwa mwongo, na katika umri huu wa miaka sabini na tatu sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Nilikuwa na sababu ya kujisumbua hivyo. Kulikuwa na marehemu aliyekuwa anabebeshwa kosa langu, na vijiji vitatu vilivyokuwa vinangoja kukaushiwa maji kwa ajili ya namba nilizozitunga mimi mwenyewe, mezani, huku nakunywa chai.

Ukuta wenyewe ni bwawa la zege lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwenye korongo moja kule nyanda za juu kusini. Jina silitaji. Wanaoishi chini yake wana wasiwasi wa kutosha bila mimi kuwaongezea.

Fundi mmoja, Rama, huja kwangu kila wiki. Nilipomwambia unene wa ukuta ule juu kabisa ni hatua mbili tu za mtu mzima, akacheka. "Mzee, acha kamba. Maji yote hayo yanazuiwa na kiukuta hicho? Si kingeshaenda na maji zamani?"

Nilichukua kipande cha bomba la plastiki, nikalipasua kwa urefu, nikasimamisha nusu moja kati ya matofali mawili, mgongo ukimtazama yeye. Nikamwambia asukume. Akasukuma kwa kidole, kisha kwa kiganja. Bomba likazidi kujibana kwenye matofali. Nikaligeuza, tumbo likamtazama yeye, nikamwambia asukume tena. Likakunjuka, likamponyoka, likaangukia kwenye ndoo ya misumari. Basi hilo ndilo bwawa la upinde. Ukuta wa kawaida huzuia maji kwa uzito wake, kwa hiyo lazima uwe mnene. Ule uliopinda huyapa maji mgongo, ukapeleka msukumo wote kwenye milima miwili ya kushoto na kulia. Kazi kubwa inafanywa na mwamba. Zege ni mjumbe tu.

Walijenga hivyo kwa sababu ya vita. Saruji ilikuwa adimu, meli zilizofika hapa bandarini zilikuwa chache, na nondo zilikuwa zinaenda kwenye mambo ya wakubwa. Mhandisi aliyelichora alikuwa na saruji kidogo na mwamba mwingi, akatumia alichokuwa nacho. Nawaambia hili kwa sababu nawasikia mkilalamika kwamba kazi nzuri haiwezekani bila vifaa vingi. Haya, nendeni mkalitazame.

Yote haya sikuyasoma shuleni. Alinifundisha Mzee Kaspari, mtu wa Songea, msomaji mkuu wa bwawa wakati mimi naajiriwa, kijana wa Kariakoo niliyekuwa sijawahi hata kuona umande. Yeye alikuwepo tangu ukuta unajengwa. Alikuwa na miaka kama kumi na sita, anabeba zege kwa karai kichwani, kupanda na kushuka kwenye ngazi za miti, pamoja na mamia ya watu wa huko na mateka wa Kitaliano walioletwa kufanya useremala wa mbao za kufungia zege. Kabla ya hapo walimweka kwenye kugonga kokoto. Kipande kiliruka kikampiga jicho la kulia, likafa palepale. Alisema walimpa siku tatu za kupumzika, kisha karai.

Alipenda sana kunisimulia jinsi walivyoziba mapengo. Ukuta wa upinde haumwagwi wote kwa mkupuo. Unamwagwa kwa vipande vinavyosimama kando kando, kama meno, na kati ya jino na jino unaachwa ufa. Zege linapokomaa hutoa joto, na kwenye kipande kinene joto hilo hukaa miezi. Likipoa, hunywea. Ukiziba mapengo mapema, zege likipoa mapengo yatafunguka tena, na huo hautakuwa upinde, utakuwa vipande vya zege vilivyosimama foleni. Kwa hiyo unangoja majira ya baridi, vipande vyote vinywee mpaka mwisho, ndipo unasukumia uji wa saruji katikati. Joto likirudi, ukuta mzima unavimba na kujikaza wenyewe.

Sasa fikirieni, ni vita, wakubwa wanataka umeme wa karakana zao, wanapiga kelele zibeni, zibeni. Mtaliano mmoja aliyekuwa fundi zege kwao alikataa. Mfungwa, chini ya bunduki, anakataa kuharakishwa! Kila alfajiri alikwenda kuweka shavu lake kwenye zege, kipande kwa kipande, akisikiliza joto. Akimaliza anatikisa kichwa, anarudi kunywa uji wake. Mzee Kaspari alisema waliapa watamfunga kifungo juu ya kifungo. Wiki ya sita akaweka shavu, akasema neno moja, na kazi ikaanza. Mzee alipenda kunionesha shavu lake mwenyewe akinisimulia, na mimi mpaka leo nikipita kwenye jengo linalomwagwa zege pale Kariakoo hunijia hamu ya kwenda kuweka shavu. Sijafanya hivyo kwa sababu ya macho ya watu.

Kazi yetu sisi ilikuwa kupima ukuta unatembea kiasi gani. Ndiyo, unatembea. Baridi ikija unanywea na kujisogeza kuelekea bondeni, jua likiwaka unarudi kuelekea kwenye maji. Ni milimita chache tu, lakini mwaka hadi mwaka uende na urudi, mwendo uleule. Ukiona haurudi, ujue kuna kitu kimeachia. Na ukiona haujatembea kabisa, ogopa zaidi, kwa sababu maana yake kuna mahali umekwama na siku utakapojinasua utaruka.

Tulipima kwa timazi. Si hii mnayonunua kwangu. Yetu ilining'inia kwa waya mwembamba ndani ya tundu lililoachwa katikati ya ukuta, kutoka juu hadi kwenye chumba cha chini, ngazi mia na arobaini za baridi na utelezi. Chini ya waya kulikuwa na jiwe la chuma lililotumbukizwa kwenye pipa la oili, ili lisiyumbe. Nyuma ya waya kulikuwa na rula ya shaba. Unasimama pale palipopakwa rangi sakafuni, unahesabu pumzi kumi waya utulie, unasoma, unaandika kwenye karatasi yako, unapanda. Kisha mwenzako anashuka peke yake, anasoma ya kwake. Mkishakuwa juu wote wawili ndipo mnafungua daftari na kuingiza namba mbili, ya msomaji wa kwanza na ya msomaji wa pili, kila mtu na sahihi yake. Ilikuwa mwiko kutazama namba ya jana kabla ya kusoma ya leo. Jicho lililokwishaambiwa cha kuona halisomi, linaitikia tu.

Nilikuwa mjinga, lazima mlijue hilo. Mwaka wa kwanza nilikuwa na baiskeli yenye mnyororo unaolia, nikawa nachota oili kwenye lile pipa. Kijiko kimoja tu kila siku. Halafu mke wa mlinzi akaomba ya cherehani yake. Halafu mlinzi mwenyewe akaomba ya bawaba za mlango. Siku moja nikashuka nikakuta waya unacheza kama mtu aliyepata mshahara. Nikapanda mbio kumwambia Mzee Kaspari kuna tetemeko la ardhi. Akanitazama kwa jicho lake moja, akasema, "Basi mwandikie bosi." Nikaandika barua ndefu, yenye heshima zote, kuhusu tetemeko. Akaniacha nimalize, nibandike na bahasha. Kisha akasema kwa upole, "Sasa naomba niione baiskeli yako."

Hakunisema kwa bosi. Nilibeba oili mpya mgongoni, ngazi mia na arobaini, na barua ile aliitunza sandukuni kwake, akawa anaitoa kila mgeni akija.

Sasa twende kwa Injinia Neema, kwa sababu bila yeye nisingekuwa naandika haya. Ni binti wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya chini. Alikuja dukani mchana, jua linawaka, mabasi ya mwendokasi yanapita nyuma yake, amekumbatia kompyuta yake kama mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pimamaji fupi zimekwisha, labda kesho."

"Sijaja kununua, mzee. Wewe ndiye Mzee Hamisi uliyekuwa unasoma timazi kule bwawani?"

Nilimpa kiti. Akanieleza kwamba bwawa limezeeka na kumeundwa kamati ya kuamua hatima yake. Vipimo vya timazi vilishaachwa zamani, waya ulikatika baada ya mimi kustaafu na hakuna aliyeufunga mwingine, kwa hiyo walichokuwa nacho ni madaftari yetu. Walikuwa wameyaingiza yote kwenye kompyuta. Akanifungulia picha ya mstari unaopanda na kushuka, mwaka baada ya mwaka, mzuri, umetulia. Moyo wangu ulijaa. Miaka yangu thelathini ile pale, kwenye kioo cha mtoto wa watu.

Kisha akaweka kidole mahali. "Ila hapa, mzee. Katikati ya majira ya baridi ukuta umesimama siku kumi na tisa. Halafu siku moja tu umeruka karibu milimita mbili. Wataalamu wanasema kiungo kimoja kilikwama kikajinasua. Wanasema mwamba wa kushoto ulisogea siku hiyo."

Nikavuta ndoo ya misumari, nikaikalia.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo wanapendekeza bwawa likaushwe kabla ya mvua, kisha litobolewe. Kuna vijiji vitatu vinavyotumia maji yake. Wameshaleta barua." Akaondoa kidole kwenye kioo. "Na kwenye taarifa wameandika kwamba msomaji wa pili, yule Mzee Kaspari, aliona ukuta umeruka, akaacha nafasi yake tupu siku hiyo, akanyamaza. Wameita uzembe. Nilitaka kukuuliza wewe, alikuwa mtu wa namna hiyo?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia arudi kesho. Nilifunga duka kabla hata adhana ya alasiri haijaadhiniwa, jambo ambalo majirani wamelizungumza wiki nzima.

Haya, sikilizeni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mzee Kaspari aliugua homa ya mapafu, akapelekwa hospitali ya misheni, safari ya nusu siku kwa lori. Alinikabidhi ufunguo wa ngazi. Utaratibu ulitaka nimwombe bosi mtu wa kushika nafasi ya msomaji wa pili. Sikuomba, kwa sababu siku hiyohiyo nilipata barua ya shangazi kutoka Mtaa wa Sikukuu: wazazi wa Zuhura wameletewa posa nyingine, kama unamtaka njoo sasa. Nikafunga mlango wa ngazi, nikadandia lori. Nilijiambia ni siku nne. Barabara ilikatika kwa kwenda, na kurudi gari likaharibika mara mbili. Niliporudi, posa imekubaliwa, nina furaha ya kupasuka, nakuta kurasa za daftari nyeupe.

Ningeziacha nyeupe. Hilo tu ndilo lililotakiwa. Ukurasa mtupu ungesema ukweli wote. Lakini niliona aibu, nikakaa mezani na chai, kalamu nyeusi ya kwangu na ya bluu ya Mzee Kaspari, nikatunga namba thelathini na nane. Nilichagua namba tulivu, zisizopanda wala kushuka, nikiamini namba tulivu haziulizwi maswali. Sikuwa mjinga kiasi cha kuzifanya zifanane, niliziachanisha kidogo huku na kule. Nikaiga na sahihi yake, ile K yenye mkia mrefu, mara kumi na tisa. Kesho yake nikashuka, nikasoma kwa haki, na ukuta ulikuwa umetembea kama unavyotembea kila mwaka. Nikaandika nilichokiona, na nafasi ya msomaji wa pili nikaiacha tupu mpaka aliporudi. Huo ndio ule mruko.

Daftari lile lilijaa wiki hiyohiyo, likafungiwa kabatini. Mzee Kaspari alirudi amekonda, amejifunika blanketi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante kwa kunishikia ukuta," akasema. Nikaitikia. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na miwili zaidi, nikamzika, na sikumwambia kamwe. Najua mnangoja niseme nilijuta kila siku. Si kweli. Nilisahau, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Zuhura alikuwa anakaanga samaki wa soko la Feri nilipomweleza. Aligeuza vipande vyote kwanza, ndipo akaongea.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyelipasua bwawa?"

"Halijapasuka, mama. Ndiyo shida yenyewe."

"Ungeniambia siku ile kwamba umeacha kazi bila mtu, ningekurudisha na lori lilelile. Posa ingengoja." Akanitazama. "Utaenda kusema?"

"Nitaenda."

"Watu wataacha kununua kwako."

"Wataacha."

"Basi kanzu nitaipiga pasi mimi. Usiende na ile ya mikunjo."

Neema aliporudi nilimwambia kila kitu. Aliandika, kisha akafunga daftari lake taratibu akasema, "Mzee, mimi nakuamini. Wao hawatakuamini. Watasema umetumwa na wanakijiji." Nikamwambia aniache na ile kompyuta siku tatu. Mjukuu wangu alinionesha jinsi ya kushuka na kupanda kwenye zile kurasa, nami nikakaa nyuma ya duka nikisoma miaka yangu, tarakimu kwa tarakimu. Rama alikuja kununua kamba nikamfukuza.

Nilikuwa natafuta alama ya uongo wangu. Kila fundi huacha alama, hata akiiba. Siku ya pili sikuiona. Namba zangu za kutunga zilikaa vizuri mno. Nawaambieni, nilikaribia kukata tamaa, na nilianza kufikiri kwamba labda nizidishe, niseme nilifanya hivyo miaka yote, ili wayatupe madaftari mazima. Nikajishika. Huwezi kutoa uongo mdogo kwa kuleta mkubwa. Siku ya tatu niliacha kutazama namba zangu, nikaanza kutazama za Mzee Kaspari peke yake. Hapo nikaona. Nilicheka kwa sauti, halafu nikalia, na muuza vipuri wa jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Kikao kilikuwa asubuhi. Watu tisa, maji ya chupa, feni. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye adabu, alinipa shikamoo mbele ya wote. Nilisema yangu bila kuzunguka. Walitazamana.

"Mzee wangu," mwenyekiti akasema, "tunakuheshimu. Lakini tuelewe. Wanakijiji wametuandikia barua tatu. Leo, baada ya miaka yote hii, anatokea mzee anasema zile namba zinazowaumiza amezitunga yeye. Ungekuwa wewe umekaa hapa, ungeamini?"

"Nisingeamini," nikasema. "Naomba nitundike kitu."

Nilitoa timazi mfukoni, nikaifunga kwenye mkono wa kiti kilichowekwa juu ya meza, nyuma yake nikaegemeza rula. Nikamwomba mwenyekiti asimame mbele, asisogeze kichwa, afumbe jicho la kushoto, asome.

"Kumi na mbili."

"Fumba la kulia sasa. Soma."

Akafumba. "Imehama. Kumi na mbili na kidogo."

"Uzi haujasogea," nikasema. "Umebadilisha jicho tu. Mimi nilisoma kwa jicho la kulia, kama watu wengi. Mzee Kaspari hakuwa nalo. Alilipoteza akigonga kokoto za ukuta huohuo. Tulisimama mahali pamoja, tukasoma waya mmoja, na namba yake ilizidi ya kwangu kidogo. Siku zote. Mwanangu Neema, waoneshe."

Neema akawasha picha ukutani. Alikuwa ametoa namba ya kwanza kwenye ya pili, kila siku, miaka yote tuliyosoma pamoja. Vitone vyote vilikaa juu kidogo ya mstari wa sifuri, kama ndege kwenye waya wa umeme. Ila mahali pamoja tu vilitawanyika, vingine juu, vingine chini, vingine kwenye mstari wenyewe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa avihesabu, lakini mwenyekiti alivihesabu kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka kumi na tisa.

"Niliiga mwandiko wake mpaka mkia wa K," nikasema. "Jicho lake sikuliwaza. Aliyeandika namba hizo ana macho mawili."

Mtaalamu mmoja akauliza, na ule mruko je? Neema alikuwa tayari. Mlinzi wa milango ya maji alikuwa na daftari lake la kina cha maji na joto la hewa, ambalo halikuwahi kupita mikononi mwangu. Ukichukua namba ya kweli kabla ya zile siku na ya kweli baada yake, safari ya ukuta inalingana na baridi ya wiki zile, bila kukwama, bila kuruka. Wakabishana karibu saa nzima, kwa maneno ambayo mengine sikuyaelewa. Mimi nilikaa na kanzu yangu iliyonyooka na nikaamua kwamba kama watakataa nitarudi kesho, na keshokutwa, mpaka walinzi wanizoee.

Mwishoni mwenyekiti akasema hawatalikausha. Timazi itundikwe upya, isomwe kwa watu wawili majira yote, ya baridi na ya joto, ndipo kamati ikae tena. Bwawa ni la zamani, alisema, na huenda siku yake ikafika, lakini haitafika kwa ushahidi huu. Na yale maneno kuhusu msomaji wa pili yatolewe kwenye taarifa.

Ningeweza kuondoka hapo. Katibu alikuwa ameshaniandalia karatasi ya maelezo ya kusaini. Nikasema sitaki karatasi ya pembeni, karatasi hupotea. Nataka daftari lenyewe, lile lililokuwa pale mezani kwenye mfuko wake wa nailoni. Mwenyekiti akasema ni kumbukumbu, haiguswi. Nikamwambia sitafuta kitu. Nitapitisha mstari mmoja tu, ili kilicho chini kiendelee kuonekana, na mtu wa kesho ajue nani alikikata na kwa nini. Wakashauriana. Wakanipa.

Karatasi ilikuwa imegeuka rangi. Nilianza na sahihi ya kwanza ya Mzee Kaspari, ile ambayo si yake, nikaikata. Nikaenda ya pili. Neema alinishikia ukurasa. Hakuna aliyeniharakisha. Nilipofika ya mwisho katibu, aliyekuwa anaandika muhtasari, akauliza kwa sauti ya kazi, "Kwenye nafasi ya msomaji wa pili sasa tuandike nini?"

"Andika hakuwepo."

Akaandika. "Na msomaji wa kwanza tunamwacha kama alivyo?"

Nilitazama safu yangu, kalamu nyeusi, sahihi yangu ya kijana aliyetoka kuposa. Zile zilikuwa sahihi za kweli, mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyeniomba kuzigusa.

"Hapana," nikamwambia. "Huyo naye hakuwepo." Nikarudi juu ya ukurasa, nikaanza kujikata.